Mlango tulioufungua wenyewe

Ilikuwa Ramadhani, baada ya Alasiri, nimekaa barazani kwa wazazi wangu Tanga, simu mkononi. Nilikuwa nimezima Wi-Fi makusudi, natumia bando langu, ili simu iwe kama ya mtu aliye mbali. Nikaandika kwenye kivinjari anwani ya IP ya nyumba ile, yaani namba inayoitambulisha kwenye intaneti, nikaweka nukta mbili na namba ya poti, mlango mmojawapo wa mtandao, niliyoikuta kwenye ruta, nikangoja. Ukurasa ukafunguka: sehemu ya jina, sehemu ya nywila, na nembo ya kampuni iliyotengeneza DVR, kisanduku kinachorekodi picha za kamera. Kwenye jina nikaandika admin. Kwenye nywila nikaandika moja mpaka tano. Ikakubali.

Picha nne zikatokea. Geti. Ubavu wa nyumba. Baraza, na mimi mwenyewe nimeinamia simu. Na uani, mama amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua mchele wa daku. Alikuwa kichwa wazi, khanga imemwangukia mabegani, kwa sababu uani ni mahali pake na hapafiki mgeni. Nikamwona akiokota kijiwe, akakitupa kando, akausambaza tena mchele kwa kiganja. Ukuta mmoja tu ulikuwa kati yangu na yeye, lakini ile picha haikupita ukutani. Ilitoka kwenye nyumba, ikaingia kwenye intaneti, ikarudi kwangu kupitia mnara wa simu. Mtu yeyote duniani, mwenye anwani ile na subira ya kubahatisha nywila moja, angeona nilichokiona.

Kazi yangu ni kufunga na kutunza mitandao ya ofisi ndogondogo Dar es Salaam. Nimekesha kwenye ofisi za watu nikikagua poti moja baada ya nyingine, na muda wote huo nyumba iliyonilea imekaa wazi. Iliniuma na bado inaniuma, ndiyo maana naandika kuhusu fayawoli, ukuta unaoamua nini kiingie kwenye mtandao wa nyumba.

Ilivyofika pale ni jambo la kawaida kabisa. Pampu ya maji iliibwa usiku. Baba akaamua kuweka kamera, akatafutiwa kijana fundi, kijana akaja na kamera nne, DVR na waya zake. Kazi ya waya aliifanya vizuri; mpaka leo hakuna msumari uliolegea. Baba akamwambia anataka kuiona nyumba kwenye simu hata akiwa shamba. Fundi akamweleza kwamba kwa hilo lazima aombe IP ya kudumu kwa kampuni inayompa intaneti. Baba akaomba, akawa analipia nyongeza kila mwezi. Kisha fundi akaingia kwenye ruta, akafungua poti tatu zielekee kwenye DVR, wakajaribu kwa simu ya baba, picha ikatokea, wakapeana mikono. Nywila ya kiwandani haikuguswa. Yule kijana simlaumu sana. Mteja alitaka picha na picha ikapatikana. Hakuna aliyemlipa afikirie ni nani mwingine angeweza kuiona.

Hiyo IP ya kudumu ndiyo iliyogeuza mambo.

Anwani za IP za mfumo wa zamani, zile za namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, hazizidi bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Ilionekana mapema kwamba hazitatosha, na mwaka 1996 zikatengwa rasmi anwani za matumizi ya ndani ambazo mtu anazitumia kwake bila kuomba ruhusa: zinazoanza na 10, baadhi ya zinazoanza na 172, na zile ambazo karibu kila mmoja wetu amewahi kuziona, 192.168. Ndiyo maana ruta yako na ya jirani zinaweza zote kuwa 192.168.1.1 na zisigombane. Huko nje nyumba nzima inaonekana kwa anwani moja. Kompyuta ya ndani ikitaka kufungua ukurasa, ruta inaandika kwenye jedwali lake kwamba huyu wa 192.168.1.23 ametoka kwenda kwa fulani, kupitia poti fulani. Jibu likirudi, ruta inatazama jedwali, inamkuta mwenyewe, inampelekea. Ikija pakiti, yaani kifurushi cha data, ambayo hakuna mtu wa ndani aliyeiita, jedwali halina habari nayo, inatupwa.

Kwa sehemu kubwa fayawoli ya nyumbani ni hiyo tu: daftari la nani katoka kumwita nani. Watu wengi huidhania ni programu yenye akili ya kutambua wabaya, kama antivirusi iliyokaa mlangoni. Siyo. Haimjui mwema wala mbaya, inachojua ni kwamba umeitwa au hukuitwa. Na kwa kazi hiyo moja imeziokoa nyumba nyingi ambazo wenyewe hawajawahi kuigusa.

Wengi wetu tunaotumia intaneti ya laini ya simu tuna hata ukuta wa pili, kwa sababu kampuni nayo inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kama una ruta ya laini, ingia ndani yake utazame anwani ya upande wa nje. Ikianza na 10, au ikianza na 100 na namba inayofuata ikawa kati ya 64 na 127, basi anwani ya dunia nzima mnatumia pamoja na watu msiojuana, na mtu wa nje hawezi kukubishia hodi moja kwa moja. Baba alikuwa kwenye mpango wa namna hiyo. Angebaki hapo, poti za fundi zisingefika popote. Alipolipia IP ya kudumu alitolewa nyuma ya ukuta akawekwa barabarani, na hakuna aliyemwambia kwamba hicho ndicho alichokuwa anakilipia.

(Jambo hilohilo liko kwenye IPv6, mfumo mpya wa anwani. Huko anwani ni nyingi kupita kiasi, kila kifaa kinaweza kupata yake ya dunia nzima, na ile hali ya kujificha wote nyuma ya anwani moja haipo tena. Kinachobaki ni sheria ya fayawoli kwenye ruta. Ruta nyingi huja nayo imewashwa. Iangalie hata hivyo.)

Mimi fayawoli niliijua kwa madhara yake kabla sijajua jina lake. Agosti 2003 nilikuwa kijana wa kusaidia kwenye intaneti kafe moja, kazi yangu kuandika muda wa wateja na kuwafungulia barua pepe wale ambao hawajazoea. Siku hiyo mashine ya kwanza ikatoa kisanduku katikati ya skrini: mfumo unajizima, na sekunde zinahesabiwa kurudi nyuma kuanzia 60. Aliyekaa pale alikuwa dada anaandika barua ya kuomba kazi. Akanitazama mimi, mimi nikaitazama 40, 39, 38. Ikazima, ikawaka yenyewe, tukashukuru. Dakika chache kisanduku kikarudi. Mchana ule ule kikatokea mashine ya pili, ya tano, zote. Baadaye akaja mtu akatufundisha kuwahi kuandika shutdown -a kabla sekunde hazijaisha, nami nikawa nakimbia toka meza hadi meza.

Kilikuwa Blaster, kirusi kilichoanza kusambaa tarehe 11 Agosti mwaka ule, kikipita poti 135 ya Windows. Hakikumngoja mtu afungue barua wala kubonyeza chochote; kompyuta kuwa imewaka na imeunganishwa kulitosha. Kiraka, yaani sasisho la kuliziba tundu lile la Windows, kilikuwa kimetolewa tangu 16 Julai. Na Windows XP ilikuwa tayari na fayawoli ndani yake, ila haikuwa ikiwashwa mpaka mtu aitafute. Service Pack 2, sasisho kubwa la Agosti 2004, ndiyo iliyoanza kuiwasha bila kumwuliza mtu, na ninaamini uamuzi ule mmoja ulisaidia watu wa kawaida kuliko mawaidha yote tuliyowahi kuyatoa.

Lakini kilichonikaa kichwani ni kingine. Jioni ile tuliwatoa wateja, tukachomoa waya wa intaneti, ukawa umelala sakafuni. Tukasafisha mashine moja, tukaiwasha. Ikaangushwa. Tukasafisha tena, ikaangushwa tena, na ule waya bado uko sakafuni. Ilikuwa inapigwa na mashine ya pembeni yake. Zote zilikuwa kwenye swichi moja, kisanduku kinachounganisha kompyuta za ndani, zinaonana uso kwa uso, hakuna hata moja yenye ukuta wake. Mlango wa mbele tuliufunga wakati adui ameshaingia na anakula na sisi.

Tarehe 12 Mei 2017 dunia iliyaona hayo tena kwa kirusi cha WannaCry. Safari hii ilikuwa poti 445, ile ya kushirikishana mafaili, na kiraka chake kilikuwa kimetoka tangu Machi. Kilirukia mashine hadi mashine ndani ya ofisi, ndani ya hospitali, vilevile. Kwa hiyo mtu akiniambia, "Mimi nina ruta, fayawoli ya kompyuta nimeizima maana ilikuwa inazuia printa," naiona ile kafe. Printa iruhusiwe yenyewe kama printa, na ukuta ubaki umesimama. Windows ikikuuliza kama mtandao uliojiunga nao ni wa umma au wa binafsi, hotelini, chuoni na kwenye mgahawa jibu ni wa umma, kila mara. Kwenye Ubuntu, mfumo huru wa kompyuta wa aina ya Linux, fayawoli imo lakini huja imelala. Amri ya sudo ufw enable inaiamsha, nayo itakataa yanayoingia bila kuitwa na kuruhusu yanayotoka. Hakuna zaidi ya hapo kwa mtu wa kawaida.

Turudi kwenye ile DVR, maana vifaa vya aina yake vina historia. Mwaka 2016 ilitokea Mirai, programu iliyokuwa inazunguka intaneti nzima ikitafuta kamera, DVR na ruta zilizo wazi kwa telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa kutoka mbali, poti 23 na 2323. Ikikuta mlango inajaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani, takribani 60 tu: admin na admin, root na 12345, na nyingine za namna hiyo. Hakukuwa na ujanja mkubwa zaidi ya huo. Kwa orodha hiyo ilikusanya vifaa mamia ya maelfu, na tarehe 21 Oktoba vingi kati yake vilielekezwa kuishambulia Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa inahudumia majina ya tovuti. Kwa saa kadhaa watu wengi Marekani na Ulaya hawakuweza kufungua Twitter, Netflix wala Spotify. Wenye zile kamera hawakujua kitu. Kamera ziliendelea kuonyesha mageti yao kama kawaida.

Nikiwa pale barazani nilifungua kumbukumbu za walioingia kwenye DVR ya baba. Zilikuwapo anwani za laini yake ya simu, nyingi, hasa asubuhi anapokuwa shamba. Zilikuwapo na nyingine tatu zisizokuwa zake. Nilizitafuta moja baada ya nyingine. Zote za nje ya nchi. Mbili zilikuwa zimeingia usiku wa manane na kukaa dakika chache. Ya tatu iliingia saa nne asubuhi, siku ya kazi, ikakaa karibu nusu saa.

Saa nne asubuhi mama yuko uani.

Nilipokuwa mdogo tulikuwa tukienda likizo kwa bibi, Pangani, kwenye nyumba ya mawe ya zamani. Nyumba zile zina elimu ambayo siku hizi tunaisahau hata tunapojenga, achilia mbali kwenye mitandao. Nje kuna baraza. Muuza samaki, mpita njia, jirani mwenye habari, wote wanakaribishwa barazani, wanapewa kahawa, hakuna anayejisikia amefukuzwa. Anayejulikana zaidi anaingia sebuleni. Uani wanafika wa nyumbani, na chumbani kwa bibi hata sisi wajukuu tulipiga hodi. Mlango wa mbele, ule wa mbao nene, mchana kutwa ulikuwa wazi, na nyumba haikuwa wazi. Mtu alikwenda mpaka pale anapostahili kufika, akasimama.

Sasa tazama mtandao wa nyumba nyingi za leo. Ruta moja, nywila moja ya Wi-Fi, na humo ndani kila kitu kiko chumba kimoja: kompyuta yenye hati za kiwanja, simu yenye benki, TV, kamera, balbu ya Wi-Fi, simu ya mtoto wa jirani aliyekuja kuangalia mpira. Wote wanaonana. Ni kama kumpeleka muuza samaki moja kwa moja chumbani kwa bibi. Ukuta wa nje unaweza kuwa imara kuliko ngome ya Wareno, na bado TV moja iliyoachwa miaka mitano bila kusasishwa ikaizungumzisha kompyuta yako usiku kucha.

Mtandao wenye vyumba, kama nyumba ya bibi, ndio nilioujenga Tanga, na ulinichukua siku mbili na usiku mmoja.

Kwanza nilifunga. Niliingia kwenye ruta kwa 192.168.1.1, nikafuta zile poti tatu. Nikazima UPnP, utaratibu unaokiruhusu kifaa cha ndani kuiomba ruta ifungue poti, nayo inafungua bila kumwuliza mwenye nyumba. Uliwekwa kwa nia njema, kurahisisha michezo na simu za video, lakini kwenye nyumba yenye kamera za bei rahisi siutaki. Nilipotazama orodha yake nilikuta DVR imeshajiombea poti nyingine mbili ambazo hata fundi hakuzijua. Nikabadilisha nywila ya DVR, na ya ruta yenyewe, kwa sababu nayo ilikuwa ileile iliyobandikwa chini yake. Baba akapiga simu kwa kampuni kuiachia IP ya kudumu. Nikazima Wi-Fi ya simu, nikarudi barazani, nikaandika ile anwani ya mwanzo. Ikazunguka, ikazunguka, haikufunguka. Jaribio hili kila mtu analiweza: bando la simu, anwani yako ya nje, na kivinjari. Ukurasa wowote wa kuomba nywila ukitokea, una kazi ya kufanya leo.

Pili, vyumba. Ruta ya kampuni ilikuwa na mtandao wa wageni, nikaujaribu: nilijiunga nao nikaandika 192.168.1.1, na ukurasa wa ruta ukafunguka. Maana yake ulikuwa jina la pili la chumba kilekile. Nikaweka nyuma yake ruta ya mtumba niliyokuja nayo kutoka Kariakoo, nikaipakia OpenWrt. OpenWrt ni mfumo huru wa kuendeshea ruta uliozaliwa mwaka 2004, baada ya Linksys kulazimika kuachia programu ya ruta yake ya WRT54G kwa sababu ndani yake kulikuwa na Linux, na kwa fundi mwenye fedha kidogo sijaona kitu kinachomheshimu zaidi. Inakuwezesha kugawa mtandao katika kanda na kuandika kati ya kanda nani aende wapi. Zangu niliziita kwa majina ya nyumbani: ndani, baraza, kamera. Wa ndani anaenda popote. Wa baraza anatoka nje kwenye intaneti lakini haingii ndani. Kamera haziendi popote. Haziingii ndani wala hazitoki nje. Wa ndani anaweza kuzitazama, zenyewe haziwezi kumwanza mtu.

Baraza limetuondolea na aibu. Kwetu mgeni akishakaa na kunywa maji anaomba nywila ya Wi-Fi, na kumnyima ndugu aliyetoka Korogwe ni jambo zito. Sasa anapewa, imeandikwa kwenye karatasi ukutani. TV nayo iko baraza. Mdogo wangu alilalamika kwamba simu yake haiioni tena; nikamwelekeza, akitaka kurusha video ajiunge baraza, akimaliza arudi ndani.

Tatu, baba. Baba hakufurahi.

"Umeweka kufuli mpaka mwenye nyumba haingii?"

"Utaingia, baba. Ila utapita mlango wako mwenyewe."

Mlango huo ni WireGuard, njia ya siri ya kuifikia nyumba kutoka mbali, ambayo tangu Machi 2020 imo ndani ya Linux yenyewe. Kwa kuwa IP ya kudumu tuliiacha, ruta ya nyumbani ndiyo inayotoka kwenda kwenye seva ndogo, kompyuta iliyo hewani muda wote, ninayoikodi kwa kazi zangu, na simu ya baba inaenda kwenye seva hiyohiyo, wanakutana pale. Ninachokipenda kwa WireGuard ni ukimya wake. Pakiti isiyo na ufunguo sahihi haijibiwi kitu, hata kukataliwa haikataliwi, kwa hiyo anayepapasa milango hajui kama kuna mlango. Kwa baba ni swichi moja kwenye simu: anawasha, anatazama geti, anazima. Wiki ya kwanza alinipigia mara nne. Ya pili hakupiga.

Wiki ya tatu akapiga, na hili nalisimulia kwa kirefu kwa sababu sikuliona likiandikwa popote nilipokuwa najifunza. Umeme ulikatika usiku, kama unavyokatika. Uliporudi, picha za kamera zikawa zinasoma tarehe 1 Januari 2000. Kibetri kidogo ndani ya DVR kilikuwa kimekufa siku nyingi, na hakuna aliyejua, kwa sababu kila ilipowaka DVR ilitoka kwenye intaneti kuuliza saa. Mimi nilikuwa nimeifungia. Kamera ya usalama isiyojua tarehe ina faida gani? Ukiibiwa utakwenda kituoni na picha ya mwizi wa mwaka 2000. Nilinunua kibetri, lakini pia nikaiwasha ruta iwe inatoa saa kwa vifaa vya ndani, nikaandika kwenye DVR iulize saa hapo nyumbani. Ruta yenyewe ina ruhusa ya kutoka. Tangu siku hiyo, kabla sijafunga kitu nakiuliza kwanza kilikuwa kinatoka kufanya nini. Fayawoli iliyowekwa bila swali hilo hudumu mpaka kitu cha kwanza kiharibike, halafu mtu mwenye hasira anaizima yote.

Kuna mambo ambayo kazi yote hii haigusi, na nimwambie msomaji wazi. Fayawoli haitamzuia mtu anayemwandikia mama yako ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Haitazuia faili ulilolipakua mwenyewe na kulifungua mwenyewe, kwa sababu hilo liliitwa. Jina lake limo kwenye daftari. Haitaweka kiraka kwenye Windows ya zamani ambayo haipati tena masasisho. Nyumba yenye fayawoli nzuri na nywila mbovu ni nyumba mbovu. Mtu akikuuzia boksi akakwambia linamaliza yote, mshukuru, uondoke.

Nilikuwa sijamwambia mama. Siku ya kwanza, wakati wa kufuturu, alituona mimi na baba tunanong'onezana, akauliza kuna nini na kamera. Baba akasema zinatengenezwa. Lakini mama si mtu wa kupewa jibu la namna hiyo. Usiku baada ya Tarawehe akanikuta na kompyuta mezani, akavuta kiti.

"Kulikuwa na mtu anaziona?"

"Ndiyo, mama."

"Na ya uani?"

"Na ya uani."

Akanyamaza. Nikamwonyesha kwenye skrini: hapa palikuwa wazi, sasa pamefungwa, hizi namba ndizo za walioingia, hawawezi tena. Nilimweleza kanda zangu tatu, ya ndani, ya baraza na ya kamera, akasikiliza yote kwa utulivu, akauliza maswali mawili ya maana. Alitaka kujua kama mimi nikiwa Dar naweza kuiona ile ya uani. Nikamwambia naweza. Akauliza kama nikifa, au nikikosea kitu, mtu mwingine anaweza. Nikamjibu kwamba nimejitahidi isiwezekane.

"Basi keshokutwa ukishamaliza hizo kazi zako," akasema, "panda ngazi uigeuze hiyo ya uani."

Nilipanda siku iliyofuata, sikungoja. Mama alinishikia ngazi kwa mikono miwili, khanga kaifunga kichwani, anatazama juu. Nililegeza skrubu ya shingo ya kamera, nikaizungusha taratibu mpaka kigoda kikatoka kwenye picha, kisha ndoo, kisha kamba ya nguo. Baba alikuwa ndani, anatazama skrini na kuniita dirishani: bado, bado, hapo. Ilikuwa inaonyesha mlango wa nyuma na kipande cha ukuta. Nikakaza skrubu.